Somo la Mwezi: Saratani ya Mlango wa Kizazi, na Miaka Tunayoipoteza



Mwaka huu tumewazika akina mama watatu wa mtaa wetu waliokufa kwa ugonjwa mmoja. Wawili kati yao walikuwa hawajafikisha miaka hamsini. Katika kila msiba tulisikia maneno yale yale, kwamba marehemu alisumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu. Jina la ugonjwa halikutajwa na mtu yeyote. Hata katika wasifu uliosomwa kanisani halikutajwa, na sisi ambao tulisaidia kuuandika wasifu mmojawapo tulijua vizuri alichokuwa akiugua. Tuliliacha lile jina kwa kumheshimu marehemu, au ndivyo tulivyojiambia. Leo tunaona kwamba tulikosa, maana waliokaa kwenye mabenchi siku ile walikuwa wake na mabinti ambao jina lile lingeweza kuwafaa.

Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni juu ya saratani, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita kansa, na hasa ile ya mlango wa kizazi. Wengine huiita ya shingo ya kizazi. Ni ile ile. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo inayoua wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Pili, ni moja ya saratani chache ambazo mtu anaweza kuzuiwa asizipate kabisa. Yeyote anayeyasoma mambo hayo mawili pamoja atauliza, imekuwaje basi? Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu.

Ukubwa wa mzigo

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon huko Ufaransa, lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 Watanzania zaidi ya 40,000 walipatwa na saratani za aina zote. Kati yao wanawake wapatao 10,000 walikuwa na saratani hii tunayoizungumzia, na katika mwaka huo huo ikaua zaidi ya 6,000. Ukiigawanya hesabu hiyo kwa siku za mwaka utaona kwamba kila siku, kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, hufa wanawake wasiopungua kumi na sita. Basi moja likipinduka na kuua watu kumi na sita, nchi nzima husikia redioni na rambirambi hutolewa. Hawa hufa kimya kimya, mmoja mmoja, kila mmoja nyumbani kwao.

Kwa dunia nzima, mwaka 2022, walioupata ugonjwa huu walikuwa wapatao 660,000, na waliokufa wapatao 350,000. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya hao waliokufa waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwili wa mwanamke wa Ulaya haukuumbwa tofauti na wetu. Tofauti ni kwamba mwenzetu hupimwa akiwa mzima, na sisi hupimwa tukiwa tumelala kitandani.

Ugonjwa huu ni nini

Mlango wa kizazi ni ile sehemu nyembamba ya chini ya mfuko wa uzazi, ambayo mtoto huipita akizaliwa. Kwa muda mrefu waganga wa dunia hawakujua ni kitu gani kinachoanzisha saratani mahali hapo. Mwaka 1842 daktari mmoja Mwitalia, aitwaye Domenico Rigoni-Stern, alikaa na kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona, za kuanzia mwaka 1760 hadi 1839, akazihesabu. Akagundua kwamba saratani ya kizazi ilikuwa adimu kwa watawa wa kike, na ilionekana zaidi kwa wanawake walioolewa. (Sisi tunaotunza vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko tusidharau kazi hiyo. Hatujui nani atakuja kuvisoma baadaye, na kwa faida gani.)

Jibu kamili lilichelewa sana. Mnamo mwaka 1983 na 1984 Mjerumani Harald zur Hausen pamoja na wenzake walionyesha kwamba ndani ya uvimbe wa saratani hii mna virusi vya jamii ya papiloma, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi viko vya aina nyingi, nyingine huleta sugu tu za ngozi. Aina mbili, zinazojulikana kwa namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha karibu saba katika kila kumi ya saratani za mlango wa kizazi.

Hapa yatupasa kusema wazi, kwa sababu hapa ndipo aibu inapoingia. Virusi hivi hupitishwa katika kukutana kimwili. Watu wengine wakishasikia hilo hufunga masikio na kuanza kuhukumu. Lakini karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake, mume kwa mke, huvipata wakati fulani wa maisha yake bila kujua. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Mke aliyeolewa akiwa bikira na asiyejua mwanamume mwingine ila mumewe anaweza kuvipata. Mume naye huenda alikuwa navyo tangu ujana, miaka kabla ya ndoa, wala hakuona dalili yoyote. Hakuna kipimo duniani kiwezacho kusema virusi viliingia mwaka gani, wala kutoka kwa nani. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kwamba anavuna alichopanda anasema asilolijua, na anamwongezea mzigo mtu ambaye tayari amelemewa.

Sasa jambo kubwa la somo hili ni hili. Virusi vikikaa na visiondoke, haviigeuzi sehemu ile kuwa saratani kwa mwezi mmoja wala kwa mwaka mmoja. Kwa mwanamke ambaye nguvu za mwili wake za kujikinga ni nzima, kazi hiyo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa aliyepungukiwa nguvu hizo, hasa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo pana mabadiliko madogo juu ya ngozi ya mlango wa kizazi, ambayo si saratani bado. Huonekana kwa macho ya muuguzi aliyefundishwa, na huondolewa kwa dakika chache mgonjwa akiwa macho, bila kulazwa. Ugonjwa wenyewe hutupa miaka, na ni sisi tunaoipoteza.

Habari za mama mmoja

Jamaa za mmoja wa wale watatu wameturuhusu kusimulia habari zake bila kumtaja jina. Alikuwa na miaka 46, mama wa watoto sita, na aliimba sauti ya pili katika kwaya kwa miaka mingi. Alianza kuona damu baada ya tendo la ndoa. Alimwambia dada yake, dada yake akamwambia kwamba huenda ni umri. Baadaye damu ikaja hata siku nyingine, kidogo kidogo, pamoja na majimaji yenye harufu. Akaacha kuketi katikati ya wenzake kwaya. Sisi tulidhani amekasirika.

Alikwenda katika zahanati moja mara nne. Mara zote nne aliandikiwa vidonge vya kuua vijidudu, akavimeza vyote kama alivyoelekezwa. Akaenda kwa mganga wa mitishamba, akauza mbuzi wawili. Miezi tisa ikapita hivyo. Alipofika hospitali ya mkoa alilala kitandani akapimwa kwa mara ya kwanza, na daktari akaandika barua ya rufaa siku ile ile. Walisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, katika jengo ambalo Wajerumani walilifungua kama hospitali mwaka 1897. Pale alikuta foleni ya wanawake wa umri wake kutoka mikoa mingi, na sehemu kubwa yao walifika kama yeye, ugonjwa ukiwa umeshatoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia viungo vya jirani. Alitibiwa kwa mionzi. Damu ilikatika na maumivu yakapungua, na hilo lilimpa miezi kadhaa ya kukaa na watoto wake, jambo ambalo mumewe anashukuru mpaka leo. Lakini hakupona.

Mumewe alituambia neno moja tu juu ya ile miezi tisa: "Hakuna aliyemtazama." Hakusema kwa hasira. Nasi tumelitafakari neno hilo, tukaona kwamba linatuhusu zaidi kuliko linavyoihusu ile zahanati. Mama yule alimpeleka kliniki mtoto wake wa mwisho kila mwezi, miaka kumi na mitatu iliyopita, mtoto akapimwa uzito na kuchanjwa. Pengine wakati ule mabadiliko yale madogo yalikuwa yamekwisha kuanza. Hakuna aliyemwambia, "Na wewe mama, je?" Mikutano ya Umoja wa Akina Mama ilifanyika kila wiki, tulifundishana kushona, kupika keki, kutunza vitambaa vya altare, na hili hatukulifundisha hata mara moja. Yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga, tumemhubiri mara nyingi. Sidhani, wala wenzangu katika kuandika somo hili hawadhani, kwamba tulimkumbuka tulipomwona mwenzetu amehamia benchi la nyuma.

Kipimo kilivyo

Wengi huogopa kipimo kwa sababu hawajui ni kitu gani, kwa hiyo tunakieleza bila kuficha. Tumeomba wauguzi watueleze, na wawili wetu wamekwisha kupimwa.

Mwanamke huingia chumba chenye faragha. Hulala chali, miguu imekunjwa, amefunikwa kanga. Muuguzi huingiza kifaa safi kinachofunguka kama mdomo wa bata ili aone mlango wa kizazi. Kisha huupaka siki hafifu, ya nguvu ya asilimia 3 hadi 5, ile ile jamaa ya siki ya kachumbari. Hungoja dakika moja. Mahali palipo pazima hubaki na rangi yake ya waridi. Mahali palipoanza kubadilika hugeuka peupe, kama panapomwagiwa maziwa. Basi. Siki huwasha kidogo kwa baadhi ya watu. Kazi yote haifiki robo saa, na majibu hupewa hapo hapo, hakuna kungoja barua.

Pakionekana peupe, haina maana kwamba mama ana saratani. Maana yake ni kwamba pana mabadiliko yanayofaa kuondolewa yasije yakawa saratani. Kama ni madogo, huondolewa siku ile ile kwa kugandishwa kwa baridi kali ya gesi au kwa kuchomwa kwa kifaa cha joto. Mama hurudi nyumbani kwa miguu yake. Hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na huambiwa asikutane na mumewe kwa muda wa kama mwezi mmoja ili kidonda kipone. Hapa waume tunawaomba wasikie vizuri: mwezi mmoja wa uvumilivu si bei kubwa. Pakionekana jambo kubwa zaidi, hukatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara, na mama hupewa rufaa.

Kipimo hiki cha siki hufaa hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Aliye na virusi vya Ukimwi asingoje miaka 30; aanze akifikisha 25, na arudi mara nyingi zaidi kama atakavyoelekezwa, kwa kuwa hatari kwake ni mara sita ya mwenzake. Kwa aliyepita 50 ile sehemu inayobadilika huwa imejivuta ndani ambako jicho halifiki, hivyo muuguzi atamshauri kipimo kingine. Kipo pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, akiwa peke yake chumbani. Hicho hugundua zaidi kuliko jicho, nalo Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 limekitanguliza mbele ya vingine. Bado hakijafika kila mahali, lakini ukikikuta usikikatae.

Labda mtu atauliza kama siki kweli huokoa maisha, au ni jambo la kuwafariji maskini tu. Huko Mumbai, India, wanawake wa mitaa ya kimaskini walipimwa kwa siki na wahudumu waliopewa mafunzo ya kawaida, si madaktari, kila baada ya miaka miwili. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2013, vifo vya saratani hii kati yao vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi moja kuliko kwa wale ambao hawakupimwa.

Tena tunasisitiza: kipimo ni cha asiye na dalili. Aliye na dalili haendi kupimwa siku ya kampeni, bali aende hospitali sasa. Dalili zenyewe ni damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi hata kama ni tone moja, majimaji yenye harufu yasiyokoma, na baadaye maumivu ya kiuno na kuvimba mguu. Ukipewa vidonge mara ya kwanza na hali isibadilike, mara ya pili sema kwa adabu lakini bila kuogopa, "Naomba nitazamwe." Si utovu wa heshima.

Mabinti zetu

Ipo chanjo. Nchi yetu ilianza kuitoa kwa mikoa yote mwezi Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Tangu Aprili 2024 ni sindano moja, na kampeni ya mwaka ule ilikusudia wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Wazazi kadhaa wametuuliza kwa mashaka kwa nini mbili zimekuwa moja, kama dawa imepungua au serikali inabana matumizi. Tunafurahi kuwajibu, kwa sababu sehemu ya jibu imetoka hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2017, huko Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi, wengine wakapewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu, damu yao ikapimwa kwa miaka iliyofuata. Karibu wote waliopata sindano moja walikuwa na kinga mwilini. Huko Kenya nako wanawake vijana zaidi ya 2,000, wa miaka 15 hadi 20, walishiriki katika utafiti mwingine, na sindano moja iliwakinga na zile aina mbili mbaya kwa zaidi ya asilimia 95. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba sindano moja yatosha kwa wasichana. Binti mwenye virusi vya Ukimwi ndiye bado huhitaji zaidi ya moja, na muuguzi amwambiwe.

Yapo pia maneno ya mitaani, kwamba chanjo hii imeletwa kuwafunga mabinti zetu uzazi. Tumeyasikia hata uani mwa kanisa baada ya Misa. Chanjo hii haina kirusi kizima ndani yake. Ina ganda tu la nje lililotengenezwa, bila mbegu ya ndani, ili mwili ujifunze kumtambua adui. Haifiki kwenye mayai ya uzazi wala haigusi kizazi. Imetumika duniani tangu mwaka 2006, na jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011. Wasichana waliochanjwa wakati ule sasa ni akina mama wenye watoto wao. Kinachofunga uzazi wa mwanamke ni saratani yenyewe, maana tiba yake mara nyingi ni kukiondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi.

Wengine huona kumchanja binti wa miaka 9 ni kumpa ruhusa ya mambo ya utu uzima. Mashaka ya mzazi tunayaheshimu. Lakini chanjo hii haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia, kwa hiyo haina budi kutangulia. Tunamchanja mtoto pepopunda, na hatumtumi akakanyage misumari. Na binti aliyechanjwa, akifika umri wake, naye aende akapimwe, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina.

Mwaka 2020 mataifa, na letu likiwamo, yalikubaliana juu ya malengo matatu ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030: wasichana 90 katika 100 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake 70 katika 100 wawe wamepimwa walau mara mbili, wakiwa na 35 na tena 45, na 90 katika 100 ya watakaokutwa na ugonjwa watibiwe. Tulihesabu kwa kunyoosha mikono katika mkutano wa akina mama wa mwezi uliopita. Walikuwapo 38 wenye umri wa kupimwa. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa mitano.

Kwa kifupi juu ya saratani nyingine

Nafasi haitoshi, nasi tutarudi kwenye hizi siku nyingine. Titi: uvimbe usiouma ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa usiouma hauharakishwi. Mama aujue mwili wake akioga, na akiona badiliko asikae wiki akingoja lipotee. Ini: chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika sindano za watoto wachanga, usizikose, na mahindi au karanga zenye ukungu zina sumukuvu, haziliwi, wala hazipewi kuku. Kibofu: kichocho kisichotibiwa miaka mingi huweza kuishia huko, na hili ni la wavulana wetu wanaooga madimbwini. Koo: ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na moja ya mambo yanayoshukiwa ni kunywa vitu vya moto mno, kwa hiyo chai ya baada ya Misa tuiache ipoe kidogo. Tumbaku na pombe tunavijua wote, na hapa waandishi wenyewe hawana wote mikono safi.

Akina baba nanyi mna tezi dume. Anayeamka usiku mara nyingi, anayesukuma mkojo, anayeona damu, asiseme ni uzee. Wanaume wa mtaa huu ni wepesi kuwahimiza wake zao kwenda hospitali, na wagumu kuliko mwamba wanapoambiwa waende wenyewe.

Mpango wetu

Baada ya kuzungumza na mganga mkuu wa kituo cha afya, tumekubaliana kwamba Alhamisi mbili za mwisho za mwezi huu zitakuwa za akina mama wa mtaa wetu na majirani zetu wa imani zote. Watakaopima ni wauguzi wa kike. Hakuna malipo. Mzee mmoja wa kanisa ametoa pikapu yake, nayo itaondoka mbele ya kanisa saa mbili asubuhi, ipitie makanisa madogo ya mabondeni. Aliye katika siku zake angoje Alhamisi ya pili, kwa kuwa damu humzuia muuguzi kuona. Asikutane na mumewe usiku wa kuamkia siku ile, wala asijioshe ndani kwa sabuni au dawa. Avae sketi au gauni, achukue kanga moja ya kujifunika, na kadi ya kliniki kama anayo. Wenye watoto wanyonyao waje nao. Wake wa wazee wa kanisa watawashika nje, chini ya mwembe. Majibu ni ya kila mtu na muuguzi wake, hayatatangazwa wala kuandikwa katika kitabu chochote cha kanisa. Anayetaka kwenda na asiyependa kuandikisha jina lake mbele ya wengine amwone mke wa Padre nyumbani, jioni yoyote isipokuwa Jumatano.